Kimpira cha Arubaini na Mbili

Jumatano, 12 Machi

Daftari hili nimelinunua Darajani kuchorea nyaya, lakini leo nna furaha na sina wa kumwambia, basi nitaliambia lenyewe.

Shemeji yangu Miraji ameniletea gari lake. Ni kazi kubwa ya kwanza tangu nifungue banda langu hapa Amani. Mwenye gari wa mwanzo alikuwa kijana wa kupenda mbio. Aliing'oa kompyuta ya injini iliyokuja na gari, akatia nyengine ya kuipa injini nguvu za mashindano. Sasa linamaliza petroli ovyo, linanuka moshi mpaka machozi yanakutoka, na asubuhi haliwaki mpaka ulisomee dua. Miraji ameipata ile kompyuta ya asili, anataka irudi mahali pake.

"Mwanakheir," kaniambia, "mdogo wako ana mimba ya miezi sita na ushei. Mie nataka gari la kumpeleka Amne hospitali, sitaki la kushindana na vijana wa Mbweni."

Tabu ni kwamba yule kijana hakuchomoa plagi, aliikata. Nyaya zote zinazoingia kwenye kompyuta kazikata kwa koleo, arubaini na mbili, na lazima niziunge mmoja mmoja. Fundi Ubwa, aliyenifundisha kazi na ambaye banda lake linatazamana na langu, kaja kuchungulia, mikono kaiweka nyuma.

"Arubaini na mbili?" kasema. "Mmoja utaukosa."

Akenda zake. Nimekereka mpaka nikaogopa kuiharibu swaumu yangu. Tangu nilipomuaga, yule mzee ana kijicho na mie, na leo nimehakikisha.

Alkhamis, 13 Machi

Kumi na tisa tayari.

Namna yangu ya kazi ni hii, na Ubwa mwenyewe ndiye aliyenifunza. Asubuhi nakata vimpira, vijipande vya bomba jembamba la mpira, kwa hesabu ya viungo, naviweka kwenye kisahani cha chai. Kimpira unakivisha waya kwanza, ndipo unaunga, unatia lehemu, ukishapoa unakivuta juu ya kiungo, unakipasha moto, kinasinyaa na kubana. Maji hayaingii tena. Kisahani kikiwa kitupu, kazi imekwisha, huna haja ya kuhesabu.

Ijumaa, 14 Machi

Saba tu. Kichwa kinauma kwa swaumu na joto. Wingu limejaa lakini mvua hainyeshi.

Jumamosi, 15 Machi

Umeme umekatika karibu na Magharibi nikiwa katikati ya kazi. Adhana ikafuata hapo hapo. Nimefuturu kwa tende na maji palepale bandani, nikarudi nyumbani kwangu Malindi kwa miguu. Kesho n'takwisha, inshaallah.

Jumapili, 16 Machi

Kisahani kitupu!

Gari limewaka mara moja, bila hata kukohoa. Nyaya zote nimezifunga pamoja kwa tepu, fundo moja refu na nene, nikalilaza chini ya zulia upande wa abiria, kompyuta inapokaa. Miraji kapiga picha kazituma kwenye kikundi cha familia, kaandika, "Fundi wetu, mashaallah." Ubwa hakutoka bandani kwake. Na asitoke.

Jumatano, 19 Machi

Yarabi.

Nimefagia chini ya meza ya kazi. Nimekuta kimpira.

Kiko hapa juu ya ukurasa. Cheusi, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, hakijapata moto. Kisahani kilikuwa kitupu Jumapili kwa sababu hiki kilikuwa sakafuni.

Nimejiambia labda nilikata arubaini na tatu. Mwanakheir, miaka sita hujakata cha ziada hata siku moja, leo ndo ukakate? Nimefungua nyuma nikasoma ya Jumamosi, na hapo nikakumbuka vizuri. Umeme ulipokatika pasi ya lehemu ilinipoea mkononi. Nilikuwa nimeshazisokota ncha mbili za waya kuzijaribu, kimpira bado sijakivisha. Adhana ikaadhiniwa. Nikazungushia tepu kidogo zisiachane, nikasema nikirudi n'tazifungua, nikivishe kimpira, nitie lehemu. Jumapili sikurudi kwenye ule. Nilianza na uliofuata.

Kwa hiyo uko waya mmoja mle ndani umesokotwa tu. Upi, sikumbuki. Nimekaa nikavuta mawazo mpaka nikatokwa jasho, naona tepu, naona vidole vyangu, rangi ya waya siioni. Katika zile arubaini na mbili, ziko nne ambazo mmoja tu ukiachia injini inazima hapo hapo, barabarani, uko kwenye mwendo. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu. Na barabara ya Bububu, wanakokaa Amne na mumewe, ina malori ya mchanga kutwa.

Nne katika arubaini na mbili. Nimeifanya hiyo hesabu mara kumi na haipungui.

Alkhamis, 20 Machi

Nimempigia Miraji. Nimesema nataka gari siku moja nilitazame tu. Kacheka. "Shemeji, linakwenda vizuri, unataka kulitazama nini? Mie kila siku nakwenda Nungwi kazini. Baada ya Idi." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Haya, baada ya Idi."

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimekwenda Bububu kula na wenyewe. Amne kanawiri, kavaa dera la kijani, tumbo liko mbele. Mama mkwe wake, Bi Mize, mtu wa Tumbatu, hamwachi hata kunyanyua kikombe. Nilidhani anamchunga kwa ubaya. Leo nimemtazama vizuri: anamwogopea. "Watu wana macho, mwanangu," kaniambia. "Mimba ya kwanza hii. Alkhamis haipiti sijafukiza ubani nyumba nzima." Nikamwona mtu wangu. Na mie naogopa, Bi Mize, ila mie ubani hautanifaa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya kwanza ya kweli. Nimekaa na simu mapajani.

Alkhamis, 3 Aprili

Mvua. Hakuna aliyepiga.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Simu imeita nikaiangusha. Mtu anauliza kama nauza betri.

Jumanne, 8 Aprili

Gari limekuja! Miraji kaniachia saa moja, anangoja kinyozi hapo jirani. Nimefunga mlango wa banda nusu, nimeinua zulia la upande wa abiria. Kulikuwa na majivu kidogo yametapakaa. Nikajiuliza, Miraji karudia sigara? Sikuwa na nafasi ya kufikiri hilo. Nikalishika fundo langu la nyaya, nikaanza kutafuta ncha ya tepu niifungue.

"Limerudi mara hii?"

Ubwa, kasimama mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lina nini?"

"Halina kitu. Naangalia tu."

Kasimama. Haendi. Nikajua nikifungua tepu ile mbele yake, atakiona kiungo kisichotiwa lehemu, na kesho Amani nzima watajua. Basi nikalirudisha zulia, nikalikanyaga vizuri likalala. Nilifanya hivyo. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikupata nafasi.

Alkhamis, 17 Aprili

Mvua siku ya tisa. Kule Amani maji yameingia mabandani. Miraji kapiga simu: taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, ikazima yenyewe. "Si kitu, au?" Nikasema pengine unyevu. Nikakata simu kabla hajauliza tena.

Jumapili, 20 Aprili

Kimpira nakitia mfukoni mwa baibui kila nikitoka. Sijui kwa nini. Nikiwa sokoni nakigusa.

Jumamosi, 26 Aprili

Amne kaja Malindi kunitembelea, kaletwa na gari lile lile. Kaniuliza, "Dada, mbona umekonda? Umepata mtu?" Kacheka, kanishika mkono kauweka tumboni. Mtoto kapiga teke. Nilitaka kumwambia: usipande, panda la mtu mwengine, lolote. Nikamwambia akae kiti cha nyuma, ndo salama zaidi kwa mwenye mimba. "Nyuma natapika," kasema.

Alkhamis, 1 Mei

Mvua.

Jumapili, 11 Mei

N'taandika yote kama yalivyokuwa.

Saa nne asubuhi, niko bandani, simu. Jina la Amne. Mvua ilikuwa inapiga bati sisikii vizuri. Kaanza kwa kusema, "Dada, usishtuke." Nikashtuka, nikakaa kwenye tairi.

Walikuwa wanakwenda Mtoni kwa shangazi yake Miraji. Miraji na Amne mbele, Bi Mize nyuma. Wametoka Bububu, wameshika mwendo, injini ikazima. Haikukohoa, haikutikisika. Ikazima. Miraji kaulazimisha usukani ukakubali nusu tu, gari likasimama nusu barabarani nusu nje. Nyuma yao lori la mchanga. Dereva kakanyaga breki, lori likateleza kwenye maji. Lilisimama karibu hata mtu asingepita baina yao. Amne kaniambia aliiona taa ya lori kwenye kioo cha pembeni, imejaa kioo chote.

Sikungoja mvua ikatike. Nilipanda bodaboda, sikumbuki hata kama nilifunga banda. Nimemkuta Amne kwenye baraza ya duka, khanga imerowa, kashika tumbo kwa mikono miwili. "Anacheza," kaniambia kabla sijauliza. "Mtoto anacheza, Dada, usilie." Bi Mize kando yake anasoma dua, midomo inakwenda mbio.

"Limekufa ghafla," Miraji kasema. "Nimejaribu baada ya dakika kumi limewaka tena. Sasa mie naliogopa."

Tumelivuta kwa kamba mpaka Amani. Sote, hata Bi Mize hakukubali kubaki. Na hapo nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwezi wa tatu ningelala usingizi: nilivuka nikaingia kwenye banda la Ubwa.

"Fundi, nisaidie. Lilitaka kumuua mdogo wangu."

Hakusema, "Nilikwambia." Kachukua mita yake ya kupimia umeme na koleo, kaja.

Ubwa ndiye aliyeinua zulia. Safari hii hayakuwa majivu kidogo. Chini yake kulikuwa na duara limeungua, rangi ya kahawia, na fundo langu la nyaya limepita katikati yake. Tepu imeyeyuka, mpira wa nyaya umelainika.

"Hiki nini?" Ubwa kauliza. "Nani kaweka moto humu?"

Bi Mize, kwa sauti ndogo: "Chetezo changu."

Kila Alkhamis baada ya Alasiri, Miraji akisharudi, Bi Mize alikuwa anatia makaa kwenye chetezo, anamwaga ubani na udi, anainua zulia lisiungue, anakiweka chini pale miguu ya Amne inapokaa, anafunga milango minne moshi ushike vizuri. Ili hasidi asimpate mkwe wake safarini.

"Mama!" Miraji kapiga kelele. Sijapata kumsikia akimpandishia mama yake sauti. "Moto ndani ya gari, Mama? Juu ya nyaya? Umetaka kutuua!"

Mafundi walishajaa. Huyu anasema astaghfirullah, huyu anacheka, huyu anasema ajuza huyu kidogo angechoma petroli. Bi Mize kakaa kwenye ile tairi niliyokaa mie asubuhi, kajifunika uso kwa ushungi. "Mie ndo niliyetaka kumuua mjukuu wangu," kasema. "Mie na mikono yangu."

Na mie nilikuwa nimesimama hapo, mkono mfukoni, kimpira kwenye vidole.

Sikukitoa.

Ubwa aliendelea na kazi kama haisikii ile kelele. Kafungua tepu, kazitenga nyaya zilizoungua, kaweka mita mmoja baada ya mwengine. Nilikuwa naiona namba. Nzima. Nzima. Nzima. Mpira umelainika, shaba haikuguswa. Akasogea mbele kidogo, nje ya lile duara, akakutana na tepu ndogo peke yake, bila kimpira. Waya wa kijani, wa sensa ya mzunguko wa injini. Mmoja katika wale wanne.

Kanitazama. Kageuka mgongo wake ukamziba Miraji asione, kaukata waya huku na huku, kile kiungo kakiweka katika kiganja changu, kavikunja vidole vyangu.

"Mita imesema hizi zilizoungua ni nzima," kasema kwa sauti ya chini. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi. Na mie niliwahi kuukosa mmoja, ndo maana nlikwambia. Aliyekuwemo garini hakuwa na bahati ya Amne." Kisha kwa sauti kubwa: "Leta lehemu, Mwanakheir, tufanye kazi!"

Tumeunga upya zote zilizopita kwenye lile duara na ule wa kijani, waya mpya, lehemu, vimpira. Nilihesabu mara tatu. Amne kanikumbatia. Miraji kamwambia mama yake, "Twende," bila kumtazama.

Jumatano, 14 Mei

Miraji kasimulia kila mahali kisa cha chetezo. Mtu kaniuliza sokoni, "Ni kweli yule mama alikuwa anapika ndani ya gari?" Nilicheka. Nilicheka na mie.

Zamani nilikuwa naogopa simu. Sasa naogopa watu.

Jumatatu, 19 Mei

Kile kiungo nimekifunga kwenye kitambaa pamoja na kimpira. Sijakijaribu. Pengine kilikuwa kimeshika. Pengine kweli ulikuwa moto wa Bi Mize, mita zinakosea.

Mita ya Ubwa haikosei.

Jumamosi, 24 Mei

Amne kajifungua mtoto wa kike. Jina lake Bashira.

Uchungu ulimshika Alasiri, na mie niko kwao. Mvua haionyeshi hata ng'ambo ya barabara. Miraji kataka kutafuta teksi. Amne kakataa: "Gari kalitengeneza Dada na Fundi Ubwa. Mie napanda hili." Nilikaa nyuma yake. Tangu Bububu mpaka mjini nilikuwa naisikiliza injini. Kila lori lililotupita nilifumba macho. Tulipofika mlango wa hospitali nilishuka wa mwisho.

Bi Mize hakuja. Kasema mtoto asalimike na mikono yake.

Jumamosi, 31 Mei

Leo siku ya saba. Akika, nyumba imejaa, jikoni pilau. Nimesema nakuja kuchukua sahani nikajifungia chumba cha vyombo, daftari mapajani, kwa sababu nisipoandika sasa n'taghairi.

Mtoto kanyolewa. Wamempitisha kwa kila mtu: shangazi, majirani, hata mie. Ilipofika zamu ya Bi Mize, kavuta mikono yake nyuma. "Mikono hii imetia moto," kasema. "Mpeni mwengine." Amne kaninong'oneza kwamba tangu kuzaliwa hajamgusa mara moja. Chetezo kakivunja. Nyumba ambayo ilinukia udi kila Alkhamis leo inanuka vitunguu tu, na Miraji anampa mama yake salamu na basi.

Nilitoka nikaingia chooni, nikafungua kitambaa. Nikakishika kile kiungo kwa vidole viwili huku na viwili huku, nikavuta. Sikutumia nguvu. Ncha zikaachana.

Nikamfuata Bi Mize chumbani kwake, nikapiga magoti, nikamwekea mapajani: kipande cha waya, kipande cha pili, na kimpira. Nikamwambia vyote. Umeme, adhana, kisahani, zulia nililolirudisha, mita. Nikamwambia nyaya zilizopita kwenye moto wake zilikuwa nzima. Kilichoizima injini ni kazi yangu mie.

Kaviokota vile vipande. Kajaribu kuvirudisha pamoja kwa vidole vyake, havikushika.

"Ulikuwepo," kasema. "Mwanangu ananipigia kelele mbele za watu, na wewe umesimama hapo."

"Nilikuwepo."

"Wiki tatu, Mwanakheir."

"Naam, Bi Mize."

"Ulikuwa unaogopa nini hata ukaniacha mie?"

"Banda langu," nikasema. "Wasije wakasema."

Sikusikia hasira kwenye sauti yake, na hilo ndo lililoniumiza. Kanirudishia vipande mkononi. "Kamwambie Miraji," kasema. "Mbele za watu, kama alivyonisema mie mbele za watu." Kisha kainuka, kenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kajifuta kwa khanga safi, kapita mbele yangu, na kutoka ukumbini nikamsikia anamwambia Amne, "Nipe mtoto."

Nawasikia sasa hivi. Wanawake wanapiga vigelegele, hawajui kwa nini, wameona tu bibi kampakata mjukuu. Miraji yuko uani na wanaume, na nasikia sauti ya Ubwa, kaalikwa naye. Mafundi watatu wa Amani wako naye.

Vipande viko mfukoni. Sahani nimeshazihesabu, ziko kumi na mbili. Nafungua mlango.